Faili Ilizimwa Juu ya Vitisho, Mashirika Mawili Yakaenda Korti: Stori ya BAE, Saudia na Ile Rada ya Tanzania

Kuna watu walitishia serikali ya Uingereza, na serikali ikafanya venye walitaka. Hawakuwa magaidi wala majambazi. Walikuwa wateja. Wateja wa nguvu, wale wa kununua ndege za vita kwa makumi na kulipa kwa mafuta.

Hii maneno ni ya miaka mingi iliyopita, lakini kila mara faili ya mdosi fulani ikipotea hapa kwetu mimi huirudia, juu inaonyesha kitu ambacho sisi huruka. Tukisikia ufisadi tunakimbilia swali moja: alikula ama hakukula? Sawa. Lakini kuna swali lingine linatangulia hilo. Nani ana nguvu ya kusema uchunguzi uishie hapo? Na akishasema, kuna msee anaweza kumpeleka korti ajieleze?

Uingereza wasee walijaribu. Walishinda, halafu wakashindwa, na kwa hiyo safari kuna mengi ya kuokota. Kuna hadi kipande cha Tanzania na kingine chetu.

Njiwa wa mabilioni

Turudi 1985. Margaret Thatcher ndiye Waziri Mkuu, na Uingereza inakubaliana na Saudi Arabia dili ya silaha inayoitwa Al-Yamamah. Kwa Kiarabu hilo jina ni njiwa. Ndiyo, njiwa, yule wa amani, kwa mkataba wa ndege za kivita za Tornado na Hawk. Aliyelichagua alikuwa na ucheshi wake.

Malipo yenyewe hayakuwa ya kutuma pesa benki hivi hivi. Saudia ilitoa mafuta ghafi, hadi mapipa 600,000 kwa siku. Mafuta yanauzwa, doo inapitia serikali ya Uingereza, halafu inaingia kwa kampuni ya British Aerospace, ambayo baadaye ikawa BAE Systems. Kwa miaka ishirini hivi inakadiriwa kampuni iliingiza pauni bilioni 43 kutoka kwa hiyo dili moja. Ukibadilisha hiyo iwe shilingi unapata namba ya kuumiza kichwa, kwa hivyo wacha tu ikae hivyo.

Na dili ikiwa kubwa hivyo, madalali hawakosi. Ukinunua shamba Kitengela dalali anataka yake, na ndege ya vita nayo ni hivyo hivyo, ila huyu wa ndege anavaa suti na anaitwa mshauri. Kulipa mshauri si kosa. Kosa linaingia pale hizo pesa za ushauri zinaishia kwa mfuko wa mtu anayeamua nani apewe tenda. Madai ndiyo yalikuwa hayo: kwamba BAE ilikuwa na mfuko wa siri wa kuwapa raha wakubwa wa Saudia, hoteli, magari na safari, na kwamba kuna malipo mengine yalipitia akaunti za nje. BAE ilikana kila wakati, ikasema haikuvunja sheria.

Mwaka wa 2004, shirika linaloitwa Serious Fraud Office, kwa kifupi SFO, likaanza kuchunguza. Ili uielewe SFO, chukua EACC na ofisi ya DPP uziweke chini ya paa moja: inachunguza yenyewe na inashtaki yenyewe. Mkurugenzi wake wakati huo alikuwa anaitwa Robert Wardle. Shika hilo jina.

Vile moto uliwaka

Mwaka wa 2005 SFO iliandikia BAE ikitaka karatasi za malipo yote ya maajenti. Hapo maloya wa kampuni wakaruka SFO, wakaandikia moja kwa moja Mwanasheria Mkuu, Lord Goldsmith: tafadhali hii kitu isimamishwe, itaharibu urafiki na Saudia na kuna ndege zingine tunataka kuwauzia. Mawaziri wakaulizwa maoni, wakasema pia wao hawafurahii. Lakini Januari 2006 Wardle na Goldsmith wakaamua uchunguzi uendelee. Kumbuka hiyo, juu inamaanisha Wardle hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Mara ya kwanza alikaza.

Katikati ya 2006 SFO ikakaribia kupata taarifa za akaunti za benki Uswisi. Wasee wangu, ukitaka kujua kama mtu ana wasiwasi, usimuulize. Karibia akaunti yake ya Uswisi.

Ujumbe ukatoka Saudia. Ulikuwa na sehemu mbili, na haya si ya mtaani, yako kwa hukumu za korti. Moja, mkiendelea, dili ya ndege mpya 72 za Typhoon isahauni. Mbili, na hii ndiyo nzito, tutaacha kushirikiana nanyi kwa mambo ya ujasusi, zile habari za kunasa magaidi kabla hawajalipua. Weka tarehe kichwani: Julai 2005 mabomu yalilipuka kwa treni na basi London na kuua watu 52. Kuambia Uingereza ya 2006 kwamba utazima simu ya habari za ugaidi si tishio la kawaida. Hapo unamshika mtu penye bado panauma.

Magazeti ya huko yalimtaja Mwanamfalme Bandar bin Sultan, aliyekuwa balozi wa Saudia Marekani kwa zaidi ya miaka 20, kama ndiye aliyepeleka ujumbe. Mwaka uliofuata, 2007, gazeti la The Guardian na BBC wakaripoti kwamba zaidi ya pauni bilioni moja kutoka kwa hiyo dili zilipitia akaunti zilizohusishwa naye. Yeye alikana kabisa, akasema zilikuwa akaunti rasmi za serikali yake na hakuna hongo ilipita hapo.

Desemba 2006, Waziri Mkuu Tony Blair akamwandikia Mwanasheria Mkuu akitaka swala lote litazamwe upya. Balozi wa Uingereza kule Riyadh akakutana na Wardle mara tatu kwa siku chache. Alichomwambia ni kwamba hili tishio si mchezo, wasee wanaweza kufa hapa, kwa barabara zetu. Tarehe 14 Desemba 2006 Wardle akafunga uchunguzi. Jioni hiyo Goldsmith akasimama bungeni akatangaza.

Sasa cheki hii. Siku hiyo hiyo, tarehe 14 Desemba, ripoti ya polisi kuhusu kifo cha Diana ilitoka, na siku hiyo hiyo polisi walimhoji Blair kwa kesi nyingine ya madai ya kuuza vyeo. Sisemi ilipangwa. Nasema tu, ukiwa na habari mbaya na unataka izame, hiyo ni siku ungeitafuta na tochi.

Korti haikuulizwa kama mtu alikula

Mashirika mawili yakasema haiwezekani. La kwanza ni Corner House, kashirika kadogo ka utafiti. La pili ni Campaign Against Arms Trade, CAAT, wanaharakati wa kupinga biashara ya silaha walio kazini tangu 1974. Ukitaka picha, fikiria Okiya Omtatah kabla ya useneta, na mafaili yake kwa mkono, akifululiza kwenda Milimani. Ndani ya siku chache walikuwa wameandika barua ya maloya. Na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo wacha tuende pole. Mimi si loya, chuo chenyewe sikumaliza, lakini hii naweza kueleza.

Hawakuenda korti kusema BAE ilihonga. Hawakuomba jaji afunge mtu. Waliomba kitu kinaitwa mapitio ya mahakama. Maana yake: afisa wa umma amefanya uamuzi, sisi tunasema aliufanya nje ya sheria, jaji aangalie. Jaji haulizi kama uamuzi ulikuwa mtamu ama mchungu. Anauliza kama huyo afisa alikuwa na ruhusa ya kuamua, aliangalia mambo aliyotakiwa kuangalia, na hakuangalia yale amekatazwa.

Na kulikuwa na kitu amekatazwa. Uingereza ilisaini mkataba wa 1997 wa nchi tajiri, zile za OECD, wa kupinga kuhonga maafisa wa nchi za nje. Kifungu cha 5 cha huo mkataba kinasema uchunguzi usiongozwe na mambo matatu: faida ya uchumi wa nchi, urafiki na nchi nyingine, na ukubwa wa jina la mtu anayehusika. Soma tena hayo matatu halafu uangalie hii kesi. Ni kama waliandika wakijua Saudia inakuja. Ndiyo maana serikali ilikaza kusema haikuzima juu ya ndege wala urafiki. Ati ni usalama wa taifa, na usalama wa taifa kifungu cha 5 hakijautaja.

Safari haikuwa laini. Mwaka wa 2007 CAAT waligundua kwamba barua pepe yao ya siri, yenye ushauri wa maloya wao kuhusu hii kesi yenyewe, ilikuwa imefika mikononi mwa BAE. Korti ikaamuru kampuni ieleze iliipata wapi, na ikatoka kwamba ilipitia kwa mpelelezi wa kulipwa. Unashtaki kwa sababu faili ya ufisadi imezimwa, na kumbe stratejia yako inasomwa upande ule mwingine kabla hujafika korti!

Jaji wa kwanza aliyesoma ombi lao aliwakatalia hata ruhusa ya kusikizwa. Wakarudi. Novemba 2007 wakapewa. Februari 2008 kesi ikasikizwa kwa siku mbili mbele ya Majaji Moses na Sullivan.

Tarehe 10 Aprili 2008 hukumu ikatoka, na ilikuwa moto. Loya wa serikali alikuwa ameulizwa kitu kama hiki: kama hili tishio lingetoka kwa raia wa hapa, si huyo angekuwa ameshikwa kwa kuvuruga haki? Na jibu la serikali, ukilipunguza maneno, lilikuwa kwamba huyu yuko nje, ni mtu wa dola nyingine, sheria yetu haimfikii, tungefanya nini? Majaji hawakupenda. Walisema hakuna mtu, wa ndani ama wa nje, ana haki ya kuingilia haki ya nchi. Wakasema SFO na serikali walikubali tishio haraka sana, bila hata kuonyesha kwamba walijaribu kulikataa ama kuwaambia wale wa Saudia kwamba haya mambo hayako mikononi mwa wanasiasa. Na walisema kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha hii stori yote: mtu akijua kwamba tishio linafanya kazi, atatishia tena, na wengine watajifunza kutoka kwake. Kazi ya korti ni kuhakikisha tishio halilipi. Uamuzi wa Wardle ukatangazwa haramu.

Jaji anaitwa Moses na anamwambia Farao hapana. Waandishi wa vichwa vya habari hawakuwa na kazi siku hiyo.

Miezi mitatu tu

Serikali ikakata rufaa hadi House of Lords, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa korti ya mwisho kabisa kule. Tarehe 30 Julai 2008 majaji watano, wakiongozwa na Lord Bingham, wakapindua yote. Tano kwa sifuri.

Sasa usiseme haraka kwamba walinunuliwa. Bingham alikuwa jaji anaheshimika sana, na hoja yake inasimama. Alisema hivi: sheria imempa mkurugenzi wa SFO mamlaka ya kuamua achunguze nini na aache nini, na korti huingilia mara chache sana. Huyu mkurugenzi alikataa kuzima mara ya kwanza. Mara ya pili aliambiwa na watu wanaojua kwamba maisha ya watu yako hatarini. Alichunguza, akauliza, akaamini. Hakufanya hivyo kwa kupenda. Kazi ya korti si kuuliza kama sisi tungeamua vingine. Ni kuuliza kama yeye alikuwa ndani ya mstari wake. Alikuwa ndani. Na ule mkataba wa OECD? Wardle alisema hata kama angejua unamkataza, angezima tu juu ya hatari ya watu kufa, kwa hivyo hakukuwa na haja ya kuutafsiri zaidi.

Baroness Hale alikubaliana na wenzake, lakini ukimsoma unasikia mtu amemeza kitu kichungu. Alisema wazi inachukiza kwamba afisa huru wa umma anajikuta analazimika kutii vitisho vya mtu yeyote.

Mimi niko upande wa Moses. Lakini nimejaribu kukaa kwa kiti cha Wardle na si rahisi. Balozi mwenyewe anakuangalia usoni anakwambia ukiendelea watu watalipuliwa. Wewe ni loya wa mambo ya wizi wa karatasi, hujui chochote cha ujasusi, huna njia ya kuhakikisha. Utasema nini? Na hapo ndipo naona shimo la ile hukumu ya Julai. Korti ilimpima Wardle peke yake, na Wardle alikuwa sawa. Wale waliotishia hawakuwa kortini. Waliobeba tishio kutoka Riyadh hadi mezani kwake hawakuwa kortini. Ukimpima mtu wa mwisho kwa foleni tu, hutawahi kuona nani alisukuma. Tena, usalama wa taifa ndio neno rahisi zaidi duniani kutamka na gumu zaidi kupinga, juu ushahidi wake uko na yule anayelitamka.

Na zile ndege? Septemba 2007, kesi ikiwa bado inapigania ruhusa, Saudia ilisaini kununua Typhoon 72 kwa pauni bilioni 4.43.

Marekani nao walikuwa wakitazama. Wao hawakutishika, ama hawakutishiwa. Wizara yao ya Sheria ilifungua uchunguzi wake wa BAE, na 2010 kampuni ikakubali kosa la kuwadanganya kuhusu vile inazuia rushwa, ikalipa faini ya dola milioni 400. Kampuni ya Uingereza, dili ya Uingereza, faini ikaenda Washington.

Rada ni gani?

Hapa Nairobi hiyo ni salamu. Kwa majirani wetu Tanzania ilikuwa mashine, na ilikuwa na bei.

Kwa zile kesi zingine za BAE ambazo SFO ilibaki nazo, moja ilikuwa ya rada ya kuongoza ndege ambayo Tanzania iliuziwa kwa karibu dola milioni 40, mkopo kutoka benki ya Barclays. Benki ya Dunia na shirika la kimataifa la usafiri wa anga walisema ni ghali na haifai. Clare Short, waziri wa Uingereza wa maendeleo ya kimataifa, aliipinga ndani ya baraza lao la mawaziri. Blair akaipitisha.

Baadaye ikatoka kortini London kwamba karibu dola milioni 12.4 zililipwa dalali mmoja. Fanya hesabu: karibu theluthi ya bei yote. Mwezi ule ule wa Aprili 2008 ambapo Moses alikuwa anasoma hukumu yake, kule Dar waziri Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wakati rada inanunuliwa, alijiuzulu baada ya wachunguzi kukuta zaidi ya dola milioni moja kwa akaunti yake kisiwani Jersey. Yeye alikana kwamba zilihusiana na rada, na hakushtakiwa kwa hilo. Lakini alipoulizwa kuhusu hizo pesa akaziita vijisenti, na Kiswahili kikapata neno ambalo halitatoka tena. Hadi leo Mtanzania akitaka kukukejeli na utajiri wako, hilo linatosha.

Hiyo kesi iliishaje? Kwa mapatano. Februari 2010 SFO na BAE walikubaliana kampuni ikiri kosa moja dogo, kutoweka vitabu vya hesabu vizuri, na ilipe pauni milioni 30. Hongo haikutajwa kwa mashtaka. Wale wale Corner House na CAAT wakarudi kortini kupinga mapatano, na Machi mwaka huo wakakataliwa ruhusa. Desemba 2010 Jaji Bean akapiga faini ya pauni 500,000, lakini akasema wazi kwamba ni mtu wa kudanganyika sana tu anayeweza kuamini dalali alilipwa hizo mamilioni kwa kazi ya kawaida ya ushawishi. Aliona, akasema, lakini hangeweza kuhukumu kosa ambalo hakuna mtu aliliandika kwa karatasi ya mashtaka. Ndio ujue anayechagua mashtaka anamshinda jaji nguvu.

Pesa zilizobaki, pauni milioni 29.5, zilienda Tanzania, zikapangiwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Kwa hivyo kuna mtoto wa darasa la tatu mahali fulani Tanzania alikalia dawati lililotoka kwa hii stori.

Afrika Kusini walishinda

Usidhani kila mtu anayeenda korti kwa njia hii anapigwa. Afrika Kusini nayo ilinunua silaha 1999, meli, nyambizi na ndege, na baadhi ya hizo ndege ni za BAE hao hao. Jacob Zuma alishtakiwa kwa madai ya rushwa iliyohusisha kampuni moja ya Ufaransa kwa hiyo dili. Aprili 2009, wiki mbili kabla ya uchaguzi uliompa urais, waendesha mashtaka wakafuta kesi. Sababu yao ilikuwa kanda za simu zilizorekodiwa kisiri, ambazo walisema zinaonyesha wakubwa wakipanga wakati wa kumshtaki kwa siasa.

Chama cha upinzani, DA, kikaenda korti. Miaka ikapita wakipigania tu kuzipata hizo kanda. Aprili 2016, miaka saba baadaye, korti ya Pretoria ikasema kufuta ile kesi hakukuwa na mantiki: hata kama mtu alicheza siasa na tarehe, hilo haliondoi ushahidi wenyewe. Oktoba 2017 korti ya rufaa ikakubali, na Machi 2018 mashtaka yakarudishwa. Zuma amekana siku zote, na kesi imekuwa ikivutwa huku na kule tangu hapo. Lakini ona tofauti: London serikali ilisema usalama wa taifa, majaji wakarudi nyuma. Pretoria waliulizwa sababu, sababu ikapimwa, ikakosa uzito.

Na sisi je?

Zamani kwa Katiba yetu ya zamani Mwanasheria Mkuu alikuwa na kitu kinaitwa nolle prosequi. Anaandika karatasi, kesi inakufa, haulizwi. Ndio maana Katiba ya 2010 iliweka kufuli: kifungu 157(8) kinasema DPP hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya korti. Na 157(11) inamtaka aangalie maslahi ya umma, haki itendeke, na sheria isitumiwe vibaya.

Kufuli iko, lakini inategemea nani ameshika ufunguo. Novemba 2022 DPP aliomba kuondoa kesi ya ufisadi ya zaidi ya shilingi bilioni 7 dhidi ya Rigathi Gachagua, aliyekuwa amekuwa Naibu Rais miezi miwili tu, akisema ushahidi hautoshi. Gachagua alikuwa amekana mashtaka tangu mwanzo. Korti ilikubali, lakini kwa kifungu kinachoacha mlango wazi, yaani kesi inaweza kurudishwa ushahidi mpya ukipatikana. Hakimu wetu angalau aliombwa. Kule London hakuna mtu aliombwa chochote.

Ila soma 157(8) vizuri. Inahusu kesi iliyofika kortini. Faili ikiwa bado iko kwa meza ya mpelelezi, hakuna hakimu anaulizwa kitu, na BAE na Saudia ilikuwa hivyo hasa: uchunguzi, si kesi. Hapo kilichobaki ni wewe kwenda korti mwenyewe, na Katiba inakuruhusu, vifungu 22 na 258, hata kama hujaibiwa wewe binafsi. Corner House na CAAT walifanya hivyo.

Mfano tunao. Anglo Leasing, ile mikataba ya usalama ya pasipoti, maabara ya polisi na hata meli ya wanamaji. Nayo pia ilichunguzwa na SFO, hiyo hiyo ya Wardle, kuanzia 2007. Februari 2009 SFO ikafunga faili, ikisema haikupata ushahidi iliouhitaji kutoka Kenya. Safari hiyo hakuna aliyehitaji kutishia mtu. Karatasi tu hazikufika.

Kama kuna faili unataka kujua iliishia wapi, kifungu 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuuliza, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Wakikunyamazia unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale watu huita Ombudsman. Andika barua fupi, taja faili, weka tarehe, baki na nakala. Wanaweza kukunyima, na moja ya sababu ambazo hiyo sheria inawaruhusu kutoa ni, bila shaka, usalama wa taifa.